Meta Hana Nywele, Lakini Yuko Saluni

Majira yale ya baridi mteja wangu mwaminifu kuliko wote hakuwa na unywele hata mmoja kichwani.

Jumanne yupo. Alhamisi yupo. Jumamosi nakuta amenitangulia mlangoni, amejikunyata, mvua ya kijiji chetu cha Lundsmark inampiga ubavuni. Meta Jepsen, mke wa Asmus fundi wa matrekta. Anaingia, anavua kofia ya sufu, anavua wigi, anapapasa kipara chake mbele ya kioo kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni, kisha anakwenda kukaa kiti cha mwisho, chini ya ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, na kuniuliza kwa sauti ya mteja kamili:

"Haya Dorrit, leo unaniseti vipi?"

"Leo nakuseti kwa viazi na mchuzi mzito, bibi."

Na katika kijiji ambacho ukibadilisha pazia watu wanajua kabla hujashuka kwenye kigoda, hakuna aliyejiuliza mwanamke mwenye kipara anafuata nini saluni. Yaani hakuna, isipokuwa yule tuliyekuwa tunamkimbia.

Tuliyekuwa tunamkimbia ni wifi yake.

Mnawajua mawifi. Wapo wanaokuja na maneno, wapo wanaokuja na watoto wao wote. Ragnhild, dada mkubwa wa Asmus, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo kutoka kisiwa cha Als, alikuja na blenda. Meta alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi na ameanza dripu za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu. Ragnhild alipopata habari hakupiga hata simu. Alishuka kwenye gari na masanduku mawili, blenda kaikumbatia kama mjukuu, akaenda moja kwa moja kwenye friji ya watu.

Siagi nje. Malai nje. Jibini, soseji, kababu za nguruwe, jamu, vyote nje. Mbwa wa jirani alipata wiki ambayo mpaka leo ukimtazama machoni unaona anaikumbuka.

"Sukari inailisha kansa, Meta," Ragnhild akasema. "Ukila keki unaifuga mwenyewe."

Basi ikawa asubuhi juisi ya kijani, mchana juisi ya bitiruti, jioni bakuli la majani mabichi yaliyonyunyiziwa unga wa kopo lenye picha ya mlima. Asmus naye akatiwa kwenye majani. Si msemaji, lakini tangu siku hiyo akawa na kazi nyingi sana karakana, na kila trekta aliyoitengeneza ilirudi kwa mwenyewe ikinukia soseji.

Meta hakuwa na karakana. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, kila alichokitia ulimini alisema ni kama kunyonya msumari, na juisi ya wifi ilikuwa haikai. Inashuka, inasalimia tumbo, inarudi. Akaanza kupungua, si kupungua kule tunakokuomba sisi wenye makalio, bali kule kwa kutisha, mpaka pete ikawa inamtoka akiosha vyombo.

Hospitalini mjini kulikuwa na mtaalamu wa lishe, binti mmoja anaitwa Nanna, mpole lakini hazungushi maneno. Akampandisha Meta kwenye mizani, akaitazama, akamtazama.

"Mama, ukiendelea kushuka hivi madaktari watalazimika kuichelewesha dripu, au kuipunguza nguvu. Sitaki tufike huko. Sasa hivi kula kinachopita. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mayai yaliyoiva, kuku, samaki, mtindi, malai. Harufu ya cha moto ikikuchefua, kula kilichopoa. Kijiko cha chuma kikikukera, tumia cha plastiki."

Wakati huo Ragnhild alikuwa nje kwenye gari. Harufu ya hospitali haivumilii, alikuwa akisema, na kwa hiyo kila mara alimngoja Meta kwenye maegesho akiwa na chupa ya juisi ya njiani.

Meta alinihadithia haya yote siku nilipomnyoa, maana nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto. Tulilia kidogo, tukacheka kidogo, halafu nikamwambia, "Si umwambie huyo wifi yako?"

"Nimwambie nini, Dorrit? Ameacha nyumba yake. Ananifulia, ananikanda miguu. Anajifungia bafuni analia, anafungua bomba akidhani sisikii. Nimwambie juisi yako itanikosesha dawa?"

"Ndiyo, mwambie hivyohivyo."

"Mwambie wewe."

Nani, mimi? Ragnhild alinifundisha kupanda kamba shuleni nikiwa msichana. Mpaka leo nikimwona mgongo unajinyoosha wenyewe.

Pale pale ndipo Elfride alipotoa kauli. Elfride ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mjane, na mikono yake ikikosa unga kwa siku mbili anaugua. Alikuwa ameketi anangoja kupakwa rangi. "Nyumbani hawezi kula," akasema, "lakini kwenye nywele nani atamfuata?"

Hivyo ndivyo wigi la Meta lilivyoanza kuoshwa mara tatu kwa wiki.

"Mara tatu?" Ragnhild aliuliza.

"Ni nywele za kweli hizo, wifi," Meta akajibu, macho makavu. "Zinataka matunzo."

Ilikuwa raha, jamani, nisiwafiche. Saluni ilijaa. Wanawake ambao hawakuwahi kunipa hata senti ya shampoo walikuja na vikapu. Elfride alileta kababu zilizopoa, laini, na vile viazi vyetu vya kukaanga kwa sukari iliyoungua. Mwingine alileta samaki wa moshi, mwingine mayai, mwingine akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani akarudi na barafu ya limau, na hiyo ndiyo iliyotuliza vidonda kuliko vyote. Vijiko vya plastiki nilikuwa navyo. Vipya! Si vya kukorogea rangi, msinitangazie ubaya.

Na tulikuwa na kanuni moja: kijiko kimoja, habari moja. Meta akimeza, mmoja wetu anatoa ya moto. Nani kaonekana na mwenye duka la mbegu. Mchungaji kanunua pikipiki. Akikataa kumeza, tunakata hadithi katikati.

"Halafu mke wake akasema nini?"

"Kwanza kiazi."

"Dorrit, usinifanyie hivyo."

"Kiazi, bibi."

Siku nyingine hakikupita kitu. Alikaa tu, rangi ya majivu, na sisi tukafuma. Nanna alikuwa amesema asilazimishwe, na tulijitahidi, ingawa kwa wanawake wa Lundsmark kumwona mtu na sahani iliyojaa na kutomsukuma ni mateso.

Inabidi niwaeleze hili, maana ndilo litakalotuumbua baadaye. Kwetu huku kusini mwa Denmark, kahawa ya wageni si kahawa. Ni keki saba laini na biskuti saba ngumu, zote mezani kwa mpigo, na mgeni anaonja kila kitu, hata vifungo vya sketi vikilia. Kuruka sahani moja ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba jikoni kwake kuna panya. Ragnhild mwenyewe, pamoja na blenda yake yote, alipoalikwa kwa Elfride alikula kumi na nne zote huku akinung'unika. Sheria ni sheria.

Mizani ya Nanna ikatulia. Kisha ikapanda kidogo. Ragnhild akatangaza kijiji kizima kwamba ni ule unga wa mlima.

Kilichotuuza ni wigi.

Nywele za kweli, kama Meta alivyosema, na nywele za kweli zinashika harufu. Jioni moja Ragnhild alilichukua kulichana, akalileta puani, akalinusa tena. Alhamisi iliyofuata mlango wa saluni ukafunguka bila kengele kupata muda wa kulia vizuri.

"Dorrit," akasema. "Nywele za wifi yangu zinanuka nguruwe wa kukaanga."

Nilichokifanya sikukifikiri. Niliivuta ile kofia ya kukaushia, nikamfunika Meta mpaka kwenye nyusi, nikalitandaza shuka la saluni juu ya sahani iliyokuwa mapajani mwake. Nikawasha mashine. Ikavuma.

Ragnhild akatembea polepole, viatu vyake vya raba vinalia kwenye sakafu, kama zamani akikagua mstari. Akaizima mashine. Akaiinua kofia. Kipara kikang'aa.

"Mnakausha nini?"

Meta shavu limetuna, hawezi kutafuna wala kumeza.

"Ngozi," Elfride akasema kutoka kwenye kona. "Ngozi nayo hulowa."

Mmoja akapasuka kicheko akakigeuza kikohozi. Ragnhild hakucheka. Alilishika shuka kwa vidole viwili akalinyanyua. Kababu mbili, viazi, kibakuli cha tango lenye malai.

"Hiyo malai?"

Meta akameza. "Malai."

"Na sukari?"

"Kwenye viazi tu."

Nilitegemea radi. Badala yake yule mwanamke aliketi kwenye kiti cha kuoshea, akaishika mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mama alikuwa anakula keki mpaka wiki ya mwisho," akasema. "Saratani hiyohiyo ya titi. Alikuwa anaziomba, na mimi ndiye niliyekuwa namkatia. Kila siku nilimkatia kipande."

Hatukulijua hilo. Hata Asmus, kumbe, hakulijua; alikuwa mdogo.

Meta akaweka sahani chini, akashika shuka lake akaenda akachuchumaa mbele yake, kipara kwa mvi.

"Ragnhild, sikiliza. Nikipungua tena wananichelewesha dripu. Umesikia? Nimekuwa najificha humu ili nipate dawa yangu kwa wakati. Sijakuogopa wewe, nimeogopa kukuumiza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Hapana," Ragnhild akasema. Angalau ni mkweli.

"Basi kesho ingia ndani, umuulize Nanna mwenyewe. Acha kukaa kwenye gari kama dereva wa waziri."

Aliingia. Meta anasema alimshika mkono tangu lango kuu, akatembea amefumba macho nusu ya korido, halafu akamhoji yule binti kwa maswali kama yuko kwenye mtihani. Nanna akamjibu moja moja. Kila chembe ya mwili inakula sukari, mama, nzuri na mbaya; huwezi kuinyima moja ukaishibisha nyingine. Keki hazikumuua mama yako. Mboga ni nzuri, na zamu yake itafika. Na huo unga wa kopo, nionyeshe. Akausoma, akasema daktari aulizwe, maana vitu kama hivyo vinaweza kugombana na dawa, na mpaka apatikane, usiguswe.

Ragnhild alirudi na blenda ileile, dini mpya. Sasa ilikuwa ndizi, mtindi, malai, siagi ya karanga, kila baada ya saa mbili, na Meta akawa anatoroka kuja saluni kukimbia glasi. Dripu ya mwisho aliipata siku ileile iliyopangwa, ikaingia nzima, haikupunguzwa hata tone. Asmus alilia hadharani mbele ya duka la ushirika. Akarudi nyumbani akakuta soseji mezani, akalia tena.

Mngedhani imeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Kiangazi kikaja. Ragnhild akarudi Als, Meta akamaliza na mionzi, nywele zikaota upya, za mawimbi, ambazo hakuwa nazo tangu azaliwe. Nami nilikuwa tayari na mkasi. Meta haonekani. Jumanne hayupo. Alhamisi hayupo. Alipokuwa na kipara tulishinda naye; sasa ana nywele, ananipita ng'ambo ya barabara akinipungia mkono.

Nikaanza kuuliza, na mimi nikiuliza huwa napata. Ameonekana kituo cha basi la Als. Na mkoba. Mkoba mkubwa. Zaidi ya mara moja.

"Ana mwanamume," Elfride akasema, macho yanameta.

"Kwa miguu ile ya kukandwa?"

"Nywele za mawimbi, Dorrit. Nywele za mawimbi zinaleta mambo."

Tukapanda gari langu tukalifuata basi. Lilivuka daraja, likapinda, likamshusha Meta, na akaingia bila kubisha kwenye nyumba tunayoijua. Ya Ragnhild. Tukazunguka kwa nyuma, tukachungulia dirisha la jikoni, Elfride juu ya ndoo. Meta ameketi mezani. Mbele yake sahani: maharage, majani ya kabichi, samaki wa moshi, kipande cha mkate mweusi. Anakula kwa raha, viwiko mezani, anacheka. Ragnhild naye kaweka miguu juu ya kiti.

Ndoo ikateleza. Sitaki kuelezea kelele.

Tulipoingia, Meta alikuwa ameshaificha sahani chini ya kitambaa cha meza. Kama sisi vile! Ragnhild akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, ameshinda.

"Meta," nikamwambia, "unakula majani kwa siri?"

"Nakula majani kwa siri," akasema, akaifunua sahani. "Kwa sababu kwenu siwezi kula hadharani. Nimemaliza dripu, nimepewa vidonge, na vidonge hivi na keki zenu vimefunga ndoa tumboni mwangu. Sketi hazifungi. Nanna amesema sasa tunageuza: mboga, maharage, samaki, mkate mweusi, kutembea kila siku, uzito ukae mahali pamoja. Keki iwe ya sherehe. Nyinyi mmenifanyia sherehe kila siku tangu mwezi wa sita!"

"Tulikuambia ule kwa sababu umeteseka."

"Nilikuambia kipande kidogo, ukanikatia kama unamkatia Asmus. Nikaruka biskuti za Elfride, Elfride akakaa wiki mbili hanisalimii."

Elfride akatazama dari.

Meta akapanguza mdomo. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilipokuwa siwezi kumeza, mlinishikia kijiko. Sitasahau mpaka naingia kaburini. Sasa nakiomba kijiko changu."

Ragnhild akakohoa. "Na mimi nilishaambiwa hivyo, Dorrit. Mwezi uliopita. Nilitaka kumpimia maharage."

Meta akatuangalia mmoja mmoja, halafu nikaona ule uso wa chini ya kofia ya kukaushia, uso wa mtu ambaye ana kababu mapajani.

"Jumapili," akasema, "kahawa kwangu. Ya kweli. Saba na saba. Msikose."

Tukaja wote, tumevaa. Elfride alikuwa amefunga tangu asubuhi ili apate nafasi. Mezani kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, vikombe vya mama mkwe, na sahani kumi na nne, zimepangwa kwa heshima zote. Katikati ilisimama keki yake maarufu ya mkate mweusi, tabaka la jamu chachu, tabaka la malai. Keki moja. Moja!

Zilizobaki laini: maharage ya kuponda, mayai, samaki wa moshi, jibini jeupe, bitiruti za kuoka, tufaha za kuchemsha. Ngumu: karoti, figili, kabichi mbichi, lozi, mkate mkavu wa mbegu, tufaha tena, na kitu cha kijani ambacho mpaka leo sijaambiwa jina lake.

Wanawake wa Lundsmark walitazama meza, wakatazamana, wakamtazama mwenye nyumba, aliyesimama na birika la kahawa mkononi, mawimbi kichwani, anatabasamu kama malaika.

"Karibuni," akasema. "Mnaonja kila kitu. Kama kawaida."

Nani akatae? Tukaanza. Nyumba nzima ikawa inalia kama zizi la farasi. Asmus alitafuna figili machozi yanamtoka, akasema, "Si mbaya," na kwa Asmus hiyo ni hotuba. Yale maharage, nikiri, niliyarudia. Meta mwenyewe alichukua alichotaka, kiasi alichotaka: samaki, bitiruti, na ukanda mwembamba wa keki, ambao aliula taratibu, macho amefumba. Hakuna aliyemwambia ongeza. Hakuna aliyemwambia punguza.

Halafu nikamwona Ragnhild. Akadhani hakuna anayemtazama, akanyoosha mkono, akajikatia kipande cha keki kama tofali, malai inamwagika pembeni. Akakitazama kwa muda mrefu. Akakila chote.

"Mwalimu!" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, nyoosha mgongo," akasema, mdomo umejaa.

Nikajaribu kusogeza kiti nijifanye nakwenda kusaidia jikoni. Birika likanifuata mpaka begani.

"Keti, Dorrit," Meta akasema. "Hujagusa cha kijani."